Jicho la ng'ombe na mbwa aliyekaa

Mhariri,

Mjukuu wangu anasomea ubunifu wa majengo. Kila Jumapili hunirushia neno la Kifaransa nikisie maana, nami huambulia patupu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Chien-assis, yaani mbwa aliyekaa, nilisema ni sanamu ya mlangoni. Kumbe ni kidirisha kinachochomoza paani, kipaa chake kikiinama kinyume na paa kubwa. Cul-de-lampe, kitako cha taa, nikadhani kinara. Ni jiwe la kuchongwa linalotokeza ukutani kubeba mzigo. Œil-de-bœuf nilipata, jicho la ng'ombe: dirisha la duara au la yai. Kasri la Versailles lina sebule nzima yenye jina hilo kwa sababu ya dirisha lake. Vasistas sikuthubutu hata kujaribu. Ni kidirisha cha mlangoni au juu yake, na jina limetoka kwenye swali la Kijerumani: hiki ni nini? (Swali langu hasa.)

Sasa nanyi. Mliandika kwamba yule kiumbe mwenye pembe aliyeshika tama juu ya Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, ni gargouille. Sivyo. Gargouille hutema maji ya mvua mbali na ukuta. Hata jina lake lina undugu na neno la koo, yaani koromeo. Yule hatemi kitu. Ni chimère, pambo lililowekwa karne ya 19 wakati wa ukarabati wa mbunifu majengo Viollet-le-Duc. Hilo nililijua kabla ya mjukuu, naomba liandikwe.

Babu mkisiaji