YAH: KINGAMWILI ILIYOFIKA MTWARA IKIWA YA MOTO

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya kichupa mnayajua, ni ninyi mliyoyabandika: nyuzi hasi 20, kisigande na kuyeyuka mara kwa mara. Basi nielezwe ilikuwaje kingamwili ya sungura dhidi ya RBP4, yaani ya kunasia protini ninayoipima maabara, mikrolita 100, ikatupwa kwenye buti ya basi na kufika stendi ya Mkanaledi pakiti za barafu zimekuwa maji ya vuguvugu.

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni simu. Nilimpigia kijana wenu wa mizigo papo hapo stendi, kasha linachuruzika mkononi. Akacheka. Akasema, "Mama, kwani uliagiza samaki? Hiyo haiozi." Akakata.

Siku moja ya joto kingamwili huvumilia, nalijua hilo, msinifundishe. Lakini muhuri wenu unaonyesha kasha lililala ofisini kwenu tangu Ijumaa, likapandishwa basi Jumatatu. Tumeijaribu: kwenye kilodaltoni 21 (kipimo cha uzito wa protini), mahali pa RBP4, protini hiyo inayobeba vitamini A kutoka kwenye ini, hakuna bendi, yaani mstari wa kuionyesha; utando wa kipimo wote ni ukungu. Kichupa cha mwanzo mlichotuuzia kilitoa mstari safi hata kilipozimuliwa 1:1000.

Wala msilete "kingine chochote". Hii ni polikloni, mchanganyiko wa kingamwili nyingi za mnyama; sungura mwingine, mchanganyiko mwingine, na mimi nianze upya kupima viwango. Serumu zangu, majimaji ya damu ninayoyapima, si maji ya bomba.

Narudia la simu, maana bado linaniwasha. Nimesimama juani, bodaboda wananikodolea macho, maji yanatiririka mpaka kiwikoni, namwambia barafu imeyeyuka, naye mnayemlipa mshahara anacheka: uliagiza samaki! Samaki wa Mikindani wanapewa barafu kuliko mlivyonipa mimi. Hata pole hakutoa.

Naomba kichupa kipya, bechi ileile ya mwanzo, kije kwa ndege. Na nauli ya mzigo mnirudishie. Tena kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, kwa mkono wake mwenyewe. Nawapa siku 7. Zikipita, kichupa chenu sikitaki: nataka fedha zote, na nakala ya barua hii itafika Tume ya Ushindani na kila maabara ninayoifahamu kuanzia Lindi.

Kasha nimelitunza, na maji yenu yamo.

Mteja wenu (kwa sasa),
Mtwara.