Ule mshikio wa Hubble

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako limenikaa kichwani: kama roboti zinafika Mirihi na Mshtarii bila kula wala kupumua, sayansi ina haja gani na vyombo vipya vya kubebea watu? Nivumilie, nitajibu kwa kirefu kidogo.

Tarehe 17 Mei 2009, mwanaanga Mike Massimino alikuwa nje ya chombo cha wanaanga Atlantis, uso kwa uso na Hubble, darubini inayoizunguka Dunia. Alitumwa kufufua STIS, kifaa cha kuchambua mwanga wa nyota na galaksi, ambacho kilikuwa kimezimika tangu 2004. Kifuniko chake kilifungwa kwa skrubu 111, na mafundi walikuwa wamebuni bamba maalumu la kuzinasa zisije zikaelea. Lakini kilichogoma ni kitu kidogo zaidi: mshikio uliokuwa juu ya kifuniko, wenye skrubu nne. Moja ikalika kichwa, bisibisi ikawa inazunguka bure. Huku chini wahandisi wakachukua mshikio wa aina ile ile, wakapima ni nguvu kiasi gani ingetosha kuuvunja, kisha wakamruhusu. Massimino akaufunga kwa utepe ili vipande visitawanyike, akauvuta, ukang'oka. Kazi ya siku ile nje ya chombo ilizidi saa nane, na STIS ikafufuka.

Sasa niambie, roboti iliyotumwa kufungua skrubu ingefanya nini ilipokuta skrubu haifunguki?

Na hiyo ilikuwa safari ya tano ya matengenezo. Bila ya kwanza, ya Desemba 1993, Hubble ingebaki fedheha. Kioo chake cha mita 2.4 kilikuwa kimesagwa vibaya, ukingo ukapungua kwa takriban mikroni 2.2, yaani sehemu ndogo tu ya unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Wanaanga wakaivalisha miwani, kwa maana halisi kabisa: vioo vidogo vya kusahihisha kosa la kile kikubwa.

Hata hivyo, hofu yako si ya bure. Kufungamanisha sayansi na chombo cha watu kumewahi kuigharimu vibaya. Chombo cha wanaanga Challenger kilipolipuka mwaka 1986, Hubble, iliyokuwa irushwe na chombo cha aina hiyo, ilisubiri ardhini hadi Aprili 1990. Chombo cha Galileo, kisicho na watu, kiliumia zaidi. Kilipangiwa kusukumwa kwenda Mshtarii na roketi ya hidrojeni ambayo ingepakiwa ndani ya chombo cha wanaanga. Baada ya ajali ile ikaonekana ni hatari mno kwa watu. Kikapewa roketi dhaifu, kikalazimika kupitia Zuhura na kurudi kupita karibu na Dunia mara mbili ili kupata kasi. Kiliondoka Oktoba 1989, kikafika Desemba 1995, na njiani antena yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli, ikagoma kufunguka. Nikifikiria ule mwavuli uliokwama mahali ambapo hakuna mkono unaoufikia, naumia.

Kwa hiyo ninachokitetea ni hiki: darubini isirushwe na chombo cha watu kwa lazima, ila iundwe ili chombo cha watu kiweze kuifikia. Mwaka 2009 Hubble ilifungwa pete ya kushikia chini yake, ili chombo cha baadaye kiweze kuinasa. Mwaka 2022 NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya roketi ya SpaceX wakakubaliana kuchunguza kama Dragon, chombo cha SpaceX cha kubebea watu, inaweza kuiinua, maana Hubble inashuka polepole. Septemba 2024 watu wawili walichungulia nje ya Dragon wakijaribu mavazi mapya. Dragon haina chumba cha kutokea, basi hewa yote ilitolewa na wote wanne ndani wakavaa mavazi yao. Kutoka hapo hadi kubadilisha jairoskopu, vifaa vinavyoisaidia Hubble kujua inageukia wapi, ni mbali, na NASA ilikwisha kuamua mwaka huo kutoichukua safari ya kuinua Hubble kwa wakati huu, ikiona hatari ni kubwa kuliko faida. Uamuzi huo naufahamu, ingawa haujaniridhisha.

Halafu kuna upana. Kioo cha darubini ya anga ya James Webb, mita 6.5, kilikunjwa ili kiingie kwenye kichwa cha roketi cha mita 5.4, kisha kikakunjuka chenyewe safarini kuelekea kituo chake, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Kila bawaba ilikuwa nafasi moja ya kuharibu kila kitu. Roketi zinazoundwa sasa kwa ajili ya kupeleka watu Mwezini ni nene kuliko hiyo. Starship, ya SpaceX, ina kipenyo cha mita 9. Kioo kipana kingeingia humo bila kukunjwa sana, na wabunifu wangelala usingizi.

Wewe fundi wa mashine unieleze jambo moja: ungekuwa unaunda darubini ya miaka thelathini ijayo, ni skrubu zipi ungeziacha zifikike kwa mkono wenye glavu nene? Nangoja barua yako, na mchoro ukiweza.

Ni mimi, swahiba wako wa siku zote.