Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: dawa za kifafa za mume wangu zimekatika tena

Ndugu Daktari,

Salaam. Nimekuandikia mara mbili kwa njia ya kawaida. Barua ziligongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninazo. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita mume wangu alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye jiko la mkaa. Aliyemvuta ni mwanetu wa miaka 8. Siku hiyo alikuwa na siku 6 bila dawa.

Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2019 aligongwa usiku, akalala siku 11 bila fahamu. Alipozinduka nilishukuru Mungu nikaamini yamekwisha. Tuliruhusiwa na vidonge vya maumivu na neno moja, "atakaa sawa". Hakuna aliyeniambia kwamba jeraha la ubongo huweza kuleta kifafa miezi, hata miaka, baada ya ajali. Kwetu kilikuja baada ya miezi 14.

Aliyevunjika mguu watu humpisha kiti. Huyu wangu ana sura ileile, anasalimia vizuri, nani atamjua? Pua yake haisikii harufu tena. Ugali unaungua yuko kando yake hana habari. Ukimtuma dukani hurudi kuuliza alitumwa nini. Jioni kelele za watoto zinamchoma kichwani, anafoka, kisha analia kwa aibu. Mtu huyu hakuwahi kunipandishia sauti. Majirani wanasema karogwa, wengine wanasema ni bangi, na akianguka wanakimbia wasiguswe na povu. Kifafa hakiambukizi, Daktari. Ukilitamka wewe mkutanoni watalisikia kuliko nikilisema mimi kila siku.

Mwaka jana ulisimama mbele yetu ukasema dawa za magonjwa ya kudumu hazitakosekana tena. Niliyaandika maneno yako kwenye daftari langu la mahesabu. Tangu hapo zimekosekana mara 4. Dirishani naambiwa njoo wiki ijayo, na nauli ya kwenda na kurudi ni faida yangu ya maandazi ya siku mbili. Nahisi maombi ya dawa yanachelewa kupelekwa, au wagonjwa wa kifafa hawahesabiwi kwa kuwa wengi wamefichwa majumbani. Lakini fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ni ya bei ndogo, na wewe unajua kuliko mimi kwamba ikikatishwa ghafla mgonjwa huanguka vibaya kuliko mwanzo. Kule Mahenge, Morogoro, zaidi ya miaka 60 iliyopita, daktari kutoka Norwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa milimani. Ikiwa Mahenge ya wakati ule iliweza, sisi leo tunashindwaje?

Nilikusudia kuomba mengi: mtaalamu wa kumfundisha kazi upya, mtu wa kuzungumza na watoto wangu. Nayaweka kando. Naomba dawa. Kila mwezi, kwenye zahanati ya kata yetu, zisikatike.

Nimeazima vidonge 8 kwa mama mwenye mtoto wa kifafa, naye anavihitaji. Vinatufikisha Ijumaa.

Wako,
Mke wa mgonjwa