Ngoma zikianza, spika zizimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu ngoma zetu za baada ya mavuno, hasa zile zinazochezwa kwenye viwanja vya parokia kuanzia Jumapili ya Ekaristi. Ombi langu ni hili: ngoma zikianza, spika kubwa zizimwe. Zizimwe zote, za jukwaa la mdhamini, za gari la matangazo, na za kwaya pia.

Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili hapa Kisesa, wilaya ya Magu, na ni mama lishe. Siku za ngoma nauza uji, maharage na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) pembeni mwa uwanja. Marehemu baba yangu alikuwa Mgalu, yaani mtu wa chama cha ngoma cha Bagalu. Mjomba wangu ni Mgika, wa chama pinzani cha Bagika, hadi leo, na ingawa magoti yamemwishia bado hakosi kwenda kutazama. Kwetu mwezi wa sita ulikuwa mwezi wa vijembe kwenye shikome, pale tunapoota moto, kila jioni, na mama ndiye aliyekuwa akiwatuliza.

Wasomaji walio mbali na Kanda ya Ziwa huenda wasione tatizo liko wapi, kwa hiyo niwaeleze mashindano yenyewe yanavyokwenda. Usukuma una vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na wachezaji wawili mahodari wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kuna pia bugobogobo, ngoma ya majembe. Kuna bagoyangi na chatu wao. Kuna banunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Siku ya mashindano pande mbili hupiga ngoma katika uwanja mmoja, saa ileile, kila upande na duara lake. Hakuna majaji waliokaa mezani, wala karatasi za alama. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: wanakokimbilia wengi ndiko uliko ushindi.

Mtu asiyewahi kuona hawezi kujua uhondo wake. Upande mmoja ukirusha majembe juu na kuyadaka kwa pamoja, watoto wanatimka kwenda huko. Upande wa pili unajibu kwa kutoa chatu gunia, au vinyago vya mbao vinavyochezeshwa kama watu, na hapo kina mama wanainuka na mabeseni yao. Wazee ndio wa mwisho kuhama, kila mmoja na kigoda chake mkononi, na wazee wakihama ujue mambo yameiva. Sufuria zangu huwa katikati, kwa hiyo naona yote. Mteja ananiachia hela na kikombe kikiwa nusu, anakimbia. Baada ya muda anarudi amelowa jasho, anaomba kikombe chake, na kabla hajamaliza anakimbia tena upande wa pili.

Manju hodari, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, haanzi kwa makelele. Anaanza kwa sauti ya chini, wale walio karibu wanainamisha vichwa wamsikie, wanacheka, na walio nyuma wanasukumana kutaka kujua kilichowachekesha wenzao. Nyimbo zake ni za mwaka huu, si za mwaka jana. Humo mna mvua iliyochelewa, mizani ya pamba inayopunja, ndoa iliyovunjika kwa ajili ya pikipiki, mwenyekiti aliyekula mchango wa zahanati, na kijembe kwa manju wa upande wa pili. Kijembe kisiposikika hakijibiwi, na pasipo kujibizana hakuna mashindano.

Mwaka jana nilikwenda kuuza katika parokia moja ya jirani, ambayo sitaitaja, na hapo ndipo nilipoona jambo hili likiharibika mbele ya macho yangu. Kampuni moja ya biashara ilidhamini ngoma. Ililipia mafuta ya malori yaliyoleta vikundi na ikatoa ng'ombe wa kitoweo. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati, kwa sababu kikundi kinachosafiri kutoka Kwimba au Misungwi kina vijana wengi wa kulisha. Lakini walikuja pia na jukwaa, jenereta na spika zenye kimo cha mtu mzima, wakazipanga upande wa mashariki, nyuma kabisa ya duara la Bagika. Mshereheshaji akawa anapiga bongo fleva, anagawa fulana na kofia, anaita watoto waje wacheze jukwaani wapewe zawadi. Basi watu wakahamia mashariki, na nani angebaki kule kwingine? Jioni wakahesabiwa Bagika kuwa washindi.

Manju wa Bagalu siku ile alikuwa na wimbo kuhusu bei ya pamba ambao naamini ungevuta uwanja mzima. Niliusikia kwa sababu nilikuwa nimewapelekea uji wapigaji wake. Aliyesimama hatua chache nyuma yangu hakuambulia neno hata moja, alikuwa anaona tu midomo inacheza. Yule mzee aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akanyamaza, akakaa kwenye kigoda. Mimi ni binti wa Mgalu na moyo uliniuma, lakini usidhani nasema haya kwa upande wangu. Mjomba, Mgika wa damu, alikataa kwenda kwenye sherehe ya ushindi. Aliniambia, "Mwanangu, leo sisi hatukushinda. Imeshinda jenereta."

Hilo ndilo ninalotaka waandaaji walielewe. Kwenye tamasha la kwaya spika inasaidia, kwa sababu kila kwaya inapanda kwa zamu na wengine wote wanasubiri kimya. Kwenye ngoma za ushindani pande mbili zinacheza pamoja, na mizani ya ushindi ni umati. Ukiweka spika upande mmoja umeshaamua mshindi kabla ngoma haijapashwa moto. Hata ukiiweka katikati, umewaweka wote wawili washindane na wewe.

Katika gazeti hili nilisoma barua ya ndugu mmoja aliyeuliza kanisa lina shughuli gani na ngoma, akashauri sikukuu ya Ekaristi iishie kwenye maandamano na watu warudi majumbani. Nimjibu kwa heshima. Aje Bujora. Kutoka Mwanza mjini ni daladala moja tu ya barabara ya Musoma, haifiki hata kilometa 20 kushuka hapa Kisesa, halafu bodaboda inakupandisha kilimani. Atakuta kanisa la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ngoma zikiwa na mahali pake katika ibada. Kazi hiyo ilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Quebec, Kanada, ambaye wazee wanamtaja hadi leo kwa jina la Fumbuka. Alikuja katika nyakati ambazo misheni nyingi zilimwambia Mkristo mpya achague, ama ubatizo ama ngoma. Yeye, katika miaka ya 1950, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kufungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji katika misa, alikaa na wazee wa Kisukuma, wakakusanya nyimbo na kutunga za ibada kwa mahadhi ya huku huku. Mwaka 1968 akaanzisha makumbusho ya Wasukuma palepale, na ndani yake Bagika na Bagalu wana jengo lao. Alifariki mwaka 1986.

Ngoma za Bulabo, ndizo hizi za baada ya mavuno, zikafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Asubuhi tunaandamana na Ekaristi Takatifu, watoto wa Utoto Mtakatifu wako mbele wakimwaga maua njiani, wanawake Wakatoliki wa WAWATA na vitenge vyao, sisi wanakwaya tunaimba huku vumbi linatuingia kooni. Misa ikiisha watu wanaelekea uwanjani. Nguo ileile niliyopokelea komunyo ndiyo ninayofungia kanga na kuanza kuchochea moto wa uji. Sijawahi kuona kwamba nimetoka mahali patakatifu nikaingia mahali pachafu. Watu ni walewale, shukrani ni ileile ya mavuno, na anayepiga ngoma wakati wa sadaka mara nyingi ndiye utakayemkuta mchana kwenye duara la Bagalu.

Najua hoja ya dawa, na siikwepi. Ni kweli kwamba tangu zamani manju walitafuta dawa za kuvuta watu, na wapo wanaozitafuta hadi leo. Mimi ni Mkristo, dawa hizo sizitetei. Lakini ngoma ikifukuzwa kwenye uwanja wa parokia haitakufa, itakwenda kuchezwa usiku kwenye vilabu vya pombe, na huko dawa ndiko zitakakopata nguvu. Ikichezwa mchana, mbele ya paroko na mabibi na watoto wa shule, kijana anaona kwa macho yake kwamba kilichovuta watu ni mguu uliofanya mazoezi na wimbo uliotungwa vizuri. Hata ndugu zetu wa AIC (Africa Inland Church), ambao kanisa lao lina mizizi kwenye ziwa hili tangu wamisionari wao walipokipokea kituo cha Nassa mwaka 1909, wanakuja kutazama, nami nawauzia uji.

Kwa hiyo kanisa lina shughuli na ngoma, na kwa kuwa ndilo mwenyeji, lina haki ya kuweka masharti kwenye uwanja wake.

Mtu anaweza kusema bila mdhamini hakuna lori, na bila lori hakuna vikundi. Nakubali fedha inahitajika. Zamani vikundi vya kucheza vilikuwa pia vikundi vya kulima, vijana wanalima shamba la mtu kwa mdundo wa ngoma, wanalipwa, na malipo hayo ndiyo yanayowasafirisha. Siku hizi mashamba mengi yanalimwa kwa jembe la ng'ombe au trekta, na vijana wengi wako mjini au kwenye mialo ya dagaa, ambako huvua usiku wa giza, hawapatikani mpaka mbalamwezi iwarudishe nyumbani. Mdhamini aje. Atundike bango lake, jina lake litajwe misa ikiisha na litajwe tena wakati wa kutoa zawadi, magari yake yapakwe rangi anavyotaka. Agawe maji ya kunywa kwa wachezaji pande zote mbili, na chupa ziwe na nembo yake. Nadhani mtu aliyepewa maji akiwa na kiu atakumbuka nembo hiyo kuliko aliyepigiwa kelele masikioni. Lakini kuanzia ngoma ya kwanza inapolia mpaka mshindi atajwe, jenereta lizimwe.

Na nisieleweke kwamba napigania biashara yangu. Siku ile ya jukwaa sufuria zangu ziliisha mapema kuliko kawaida, kwa sababu vijana wengi wa mjini walifuata bongo fleva. Faida niliipata. Ila sikutoka kwetu alfajiri na kuni kichwani ili nikasikilize nyimbo ambazo zinapigwa kila siku kwenye kila daladala ya Igoma.

Kwa wenzangu wanakwaya: ile meza ya kuuza nyimbo zetu, yenye spika inayopiga flashi moja tangu asubuhi hadi jioni, nayo ifungwe ngoma zikianza. Najua vijana wetu wanajivunia vyombo vile, na tulichanga miaka mingi kuvinunua. Tuuze nyimbo kabla ya misa na baada ya zawadi. Mzee aliyetunga wimbo wake akichunga au akipalilia, bila kinanda wala studio, anastahili saa chache za kusikilizwa bila sisi kumzidi sauti.

Kanuni za serikali za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015 na maofisa mazingira wanazijua. Nisingependa tufikishane huko. Hili ni jambo la watu wanaofahamiana, linaweza kumalizwa kwenye kikao.

Na vikao vya maandalizi huanza mara baada ya Pasaka. Naomba halmashauri za walei katika parokia zote zinazoandaa ngoma, pamoja na viongozi wa Bagika na Bagalu, waliingize sharti hili kwenye barua ya udhamini kabla hawajapokea hata shilingi moja, na wataje saa: ngoma zinaanza saa ngapi na spika zinazimwa saa ngapi. Viongozi wa vikundi wakikubaliana wote wawili kwamba hawataingia uwanjani jenereta likiwa linanguruma, hakuna mdhamini atakayebishana nao. Mjomba amesema yuko tayari kwenda kuzungumza na wazee wa Bagalu, jambo ambalo baba yangu angelishangaa sana. Ningependa pia wadhamini wenyewe wajibu kupitia ukurasa huu, waseme kama sharti hilo linawashinda na kwa nini.

Mama lishe na mwanakwaya,
Kisesa, Magu