Mwanangu, mkono ukiuma sema

Lowell, Jumanne usiku

Salim baba,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeuona mchana, na orodha ya timu yako ya besiboli ya kiangazi nimeifungua mwenyewe. Wiki iliyopita warushaji walikuwa 15, juzi wakabaki 11, leo wamefika 13 na jina lako liko mwisho kabisa, limewekewa kinyota. Hongera, baba. Nimefurahi mpaka vitunguu vikaungua. Lakini kinyota kile kimeninyima usingizi, kwa hiyo nisikilize kabla hujapanda gari.

Wewe umechukuliwa kwa mkataba wa muda. Si aibu, ila usijidanganye. Orodha za Cape Cod, ligi hii ya kiangazi ya wanachuo, hupangwa mapema, makocha wa vyuo wakipeleka majina ya vijana wao, halafu ikifika Mei zinaanza kumeguka. Huyu kiwiko kimemsumbua. Yule kocha wake amepiga hesabu, akaona amerusha iningi, vile vipindi vya mchezo, nyingi mno msimu wa chuo, akamwambia kaa upumzike. Mwingine ameingia kwenye portali ya uhamisho, yaani anahama chuo, na kocha mpya anamtaka chuoni kwa masomo ya kiangazi. Mwingine anangoja drafti ya Julai, timu za kulipwa zinapochagua vijana, na mshauri wake hataki aonekane akipigwa mbele ya maskauti, wale watafuta vipaji. Hao hawarudi, na nafasi zao ni nafasi za kweli. Yako si hiyo. Yako ni ya kijana ambaye chuo chake bado kimo kwenye mashindano ya taifa. Kikitolewa leo, atalala siku mbili tatu kwao, kisha atakuja kuchukua jezi.

Basi siku zako zinahesabika, tuzihesabu. Walianza vyuo 64 kwenye makundi 16, wiki hii wamebaki 16, Jumatatu ijayo watabaki nane wa kwenda fainali za Omaha, na Omaha huwaweka mpaka Juni inakaribia kwisha. Katika orodha yenu nimehesabu warushaji wanne ambao vyuo vyao bado vimo. Chuo kikifungwa mara mbili wikendi hii kimetoka. Kila Jumapili usiku tazama matokeo ya vyuo hivyo vinne kabla hujatazama ya timu yenu, usije ukashangaa Jumanne kocha akikuita pembeni. Mmoja au wawili kati yao huenda wasije kabisa, maana anayerusha mpaka Omaha hufika Julai mkono umechoka na kocha wake humzuia. Lakini hilo usilitegemee.

Sasa linalonitia hofu. Mtu mwenye siku chache anataka kuonekana. Kocha wa bulipeni, pale mnapopashia mkono, atakuuliza, "Uko sawa?" nawe utasema uko sawa. Nakujua. Ungesema hivyo hata mkono ukining'inia kwa uzi.

Jedwali la kupumzika unalijua: kwa umri wako, mipira 30 au pungufu unaweza kurudi kesho, 31 mpaka 45 siku moja, 46 mpaka 60 siku mbili, 61 mpaka 80 siku tatu. Ila jedwali lile linahesabu mipira ya mchezoni tu. Ya bulipeni hakuna anayeiandika. Iningi ya tano wanakuinua, unapasha mkono kwa mipira 20, mwenzio anajiokoa, unakaa. Ya saba unainuliwa tena, 15, unakaa. Ya nane wanakuita kweli, 10 za haraka, unaingia na kurusha 18. Karatasi imeandika 18, kwa hiyo kesho uko huru. Mkono wako umeandika 63. Kesho yake wanakuinua tena na wewe unaona haya kusema, kwa sababu una kinyota.

Kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia mipira nilichokuwa nikikaa nacho jukwaani nimekutilia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Mpe mdakaji wa bulipeni abonyeze yeye. Usiku andika kwenye daftari: tarehe, mara ngapi umeinuliwa, mipira mingapi ya kupasha, mingapi ya mchezo, na upande wa ndani wa kiwiko ukoje. Kocha akikuuliza kama uko sawa, usijibu "niko sawa". Mwambie, "Jana nilirusha 63 pamoja na ya bulipeni." Hapo aamue yeye, na mwenye akili ataamua vizuri.

Dalili zenyewe hazianzi na maumivu, hapo ndipo vijana wengi hupotea. Kwanza msuli wa mkono chini ya kiwiko unakaza, asubuhi unashindwa kuufungua mlango wa friji bila kuusikia. Halafu mpira wa kasi unapungua maili mbili tatu, na unaanza kupanda juu upande wa mkono wako bila wewe kutaka. Halafu kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi. Ukifika hapo simama, usingoje kocha. Kano likikatika ni upasuaji ule wa Tommy John, wa tangu 1974, wanachukua kano la kwenye kifundo cha mkono wanalishonea kiwikoni, na wewe unakaa mwaka mzima au zaidi bila kurusha mbele ya mpigaji.

Ule msimu wa darasa la nane, wa timu mbili kwa wikendi moja, sitaurudia hapa. Nani alikuwa akilipa ada za timu zote mbili tunajua sote. Ndiyo maana nasema sana.

Kocha wako wa chuo amekuwekea iningi 20 za kiangazi. Umeshamwambia meneja mkuu wa timu? Hujamwambia. Mwandikie leo, umwekee kocha nakala, na umuulize mambo matatu: mkataba unaisha tarehe gani, nani atakayekuarifu, na ukiondolewa, watakuachilia rasmi ili timu nyingine ikuchukue. Majibu yawe kwa maandishi. Maneno ya kando ya uwanja yanapeperuka na vumbi.

Na ukiondolewa, toka kwa uso mkunjufu. Shukuru, rudisha jezi ikiwa imefuliwa. Julai orodha humeguka mara ya pili: warushaji wanamaliza iningi zao wanarudishwa nyumbani, drafti inachukua wengine, na mameneja wanashika simu usiku kutafuta mkono mzima. Mzima, Salim. Aliyeondoka Juni akiwa mzima huitwa. Aliyejikaza mpaka kiwiko kikavimba hakuna wa kumpigia. Na vuli ikifika chuo chenu nacho kina wachezaji 34 tu sasa, si 40, hakuna tena nafasi ya kumweka majeruhi kwa huruma.

Mambo mengine kidogo. Huko wanapiga kwa magongo ya mbao, tangu 1985. Wewe chuoni umezoea kukimbilia nje, mbali na mpigaji, kwa sababu ya magongo ya alumini: mpira wa karibu na mikono bado unasukumwa juu ya vichwa vya wachezaji wa ndani. Mbao haina huruma hiyo. Mrushie ndani, karibu na mikono, gongo litapasuka shingoni na mpira utabingirika mpaka miguuni kwako. Hiyo itakumalizia iningi kwa mipira tisa, na mipira tisa ndiyo dawa ya hayo yote niliyoyasema. Slaida yako, ule mpira wa kupinda, ni nzuri, tena nzuri kweli, nani amekataa, lakini usiirushe kila mara kwa sababu skauti amekaa nyuma ya wavu na kifaa cha kupimia kasi.

Kwenye uwanja wa Chatham ukungu hupanda kutoka baharini mchezo ukasimamishwa. Ukishapoa nusu saa, usirudi uwanjani kwa kuulizwa tu; huko ni kupasha upya, na unajua nitakachosema kuhusu kuhesabu. Cotuit uwanja hauna taa, mchezo huanza alasiri, kwa hiyo kula mapema. Unaitwa Lowell Park, ila si Lowell yetu.

Familia utakayokaa nayo usiifikie mikono mitupu. Nimekufungia majani ya chai ya Kericho pakiti mbili na iliki, na mahamri 20 kwenye kopo la bluu, kopo lirudi. Waambie siku ya kwanza kwamba hatuli nguruwe, waambie kwa upole, wasije wakajua siku wameshapika. Supu yao nyeupe ya kome mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe, uliza kabla hujachota. Kitanda kitandike. Shuka zifue mwenyewe, wao si wafanyakazi wako na hawalipwi kukuweka.

Baba yako aliuliza tiketi ni bei gani. Nimemwambia hakuna kiingilio, wanapitisha kikapu. Sasa anataka kuja kila mchezo. Nimemwambia Jumamosi daraja la Sagamore la kuingilia Cape Cod halipitiki, tutakuja katikati ya wiki akipata zamu ya usiku. Bibi naye amepiga simu kutoka Mombasa, anauliza huo mchezo una mshahara. Nimemjibu bado.

Mguu wa kushoto wa viatu vyako vya misumari soli imeachia mbele, nimeuona jana nikipanga begi. Ibandike kabla hujafika, na safari hii nunua gundi ya viatu, si ile ya karatasi. Na funguo za baiskeli umeondoka nazo? Zuhura anazitafuta tangu Jumapili.

Ukifika nitumie ujumbe. Usiandike "niko sawa". Andika umerusha ngapi.

Mama yako