Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: mahafali yajayo tusomeeni majina

Profesa, shikamoo.

Naandika huku hadharani kwa sababu lile sanduku la maoni pale jengo la utawala nimeshatumbukiza karatasi yangu na kwa jinsi kufuli lilivyoota kutu sidhani kama kuna mtu ana funguo yake. Chuo sikitaji, wewe utajijua na wahitimu wenzangu watajijua, na kusema ukweli vyuo vingine navyo vitajiona humu humu. Ombi langu ni moja na nalisema mapema usije ukachoka kusoma ukaishia njiani: mahafali yajayo, wahitimu wa uzamili tusomewe majina, mmoja mmoja, kwenye maiki, mtu apande jukwaani, apewe mkono, ashuke. Mkishaweza hapo tutaongea habari ya wale wa shahada ya kwanza, najua wao ni wengi.

Siku yenyewe ilivyokwenda unaijua ila wewe ulikuwa meza kuu, ngoja nikusimulie ilivyokuwa huku chini. Tuliambiwa saa moja asubuhi tuwe tumeshakaa, na tulikaa kweli. Joho la kukodi, kitambaa cha poliesta, jua la Novemba, turubai halina upepo. Hilo vazi lilianzia Ulaya kwenye majengo ya mawe ambako watu walikuwa wanatafuta joto, sisi tunalivaa tunatafuta pa kujifutia jasho, lakini hapo sina lalamiko, joho tunalipenda na picha tumepiga mpaka simu zimegoma. Yakaja maandamano ya kitaaluma, siwa (ile rungu ya heshima ya chuo) mbele, maprofesa nyuma na rangi zao, brasi bendi inapiga, pale hata mimi nilisisimka. Wimbo wa taifa, sala, alafu tukaingia kwenye hotuba na hapo ndo jua lilipopanda.

Profesa, kila aliyeshika maiki alianza upya. Alimtambua mgeni rasmi, akamtambua mkuu wa mkoa, akamtambua mwenyekiti wa Baraza, wajumbe wa Seneti, viongozi wa dini, kamati ya ulinzi na usalama, wazee maarufu, alafu akamalizia na "itifaki imezingatiwa". Sasa kama imeshazingatiwa mbona anayefuata naye anaizingatia tena? Nilikuwa na saa mkononi na mimi ni mtu wa umeme, kupima ndo kazi yangu, kwa hiyo nilipima. Yule msemaji wa nne kutambua watu tu kulimchukua dakika 6. Weka hiyo 6 pembeni, nitairudia.

Wakaja wahitimu wa uzamivu. Hao waliitwa kwa jina, mada ya utafiti ikasomwa, jina la msimamizi likasomwa, wakapanda wakavishwa, ukumbi ukalipuka. Vizuri sana na iendelee hivyo hivyo, PhD sio mchezo, kuna kaka mmoja pale nimemkuta maabara mwaka wa kwanza nikamwacha maabara.

Alafu zamu yetu. Mkuu wa skuli yetu, yaani kitivo, akasimama, akasema anaomba wahitimu wa uzamili wa fani hii na hii na hii wasimame. Tukasimama. Mkuu wa Chuo akasema nawatunuku. Tukavaa kofia. Tukakaa. Jirani yangu kofia yake ilikuwa imeanguka chini ya kiti, akainama kuitafuta, alipoinuka akakuta keshakuwa na masta. Tulicheka sana muda ule na tunacheka mpaka leo kwenye grupu letu la WhatsApp, ila mimi kicheko kiliniisha nilipotoka nje nikakutana na mama.

Mama yangu alitoka Makambako na basi. Anauza viazi pale, ada ya sekondari ilitoka kwenye viazi, na hata masta hii kuna sehemu ilitoka kwenye viazi japo nilikuwa nafanya kazi na kusoma jioni. Alikuwa kwenye hema la wazazi, lile la nyuma ambalo skrini inaonekana kama unachungulia. Kitabu cha mahafali amekunja kwenye ukurasa wenye jina langu, dada amempigia mstari kwa kalamu, na kidole amekiweka pale pale kwenye mstari anasubiri litajwe. Watu wakapiga vigelegele na yeye akapiga kwa sababu wenzie wanapiga. Skuli nyingine ikasimama ikakaa, nyingine tena, ndo akamuuliza dada, "Wa kwetu bado?" Dada akamwambia tayari mama, ameshatunukiwa zamani. Akasema, "Mbona sijamsikia?" Profesa, dada alikosa jibu, na mimi nilipoulizwa nilimwambia spika zilikuwa mbovu. Ambayo nayo ni kweli, spika zilikoroma siku nzima, chuo kinafundisha watu elektroniki na mawasiliano alafu mahafali tunakodi spika zinakoroma na generata inazimika katikati ya sala, mafundi sanifu wetu wa maabara ambao wangetengeneza kile kitu nusu saa wao hata kwenye maandamano hawapo, wamesimama getini wanaangalia. Hiyo ni barua nyingine.

Najua jibu litakalokuja, kwamba muda hautoshi. Twende kwenye hesabu basi. Kusoma jina la mtu, majina matatu, kwa utulivu, ni sekunde 4. Hayo ni majina 15 kwa dakika, majina 900 kwa saa. Sisi wa uzamili tulikuwa chini ya 200. Kusoma tu ni dakika 13 na ushee. Ukitaka mtu apande jukwaani na mkono apewe, mpe sekunde 8, inakuwa dakika 27 hivi. Sasa ile 6 niliyosema iwekwe pembeni, izidishe kwa wasemaji wote wa siku ile alafu uniambie muda ulipo. Itifaki isomwe mara moja na MC, wengine wote waanze na hotuba yao moja kwa moja, majina yote ya uzamili yanaenea na chenji inabaki. Na hapa tunazungumzia chuo kinachofundisha vijana kupanga kazi kiwandani mashine isikae bure, kinachofundisha foleni za data kwenye mtandao zinavyopangwa zisigongane. Watu 200 kupita jukwaani inatushindaje?

Wenzetu wanafanya. Marekani vyuo vya teknolojia kama Virginia Tech na Georgia Tech sherehe za wahitimu wa juu wamezitenga na za shahada ya kwanza. Na vyuo vingi vya huko mhitimu anashika kadi yenye jina lake, pembeni ameandika linavyotamkwa, akifika mbele anampa msomaji, msomaji anasoma, amemaliza. Kadi ya karatasi. Haihitaji bajeti ya Baraza. Kuhusu matamshi sisi ndo tunahitaji hiyo kadi kuliko wao, maana kuna Ng'wandu, kuna Tluway, kuna Kyaruzi, kuna Mwakyembe, na msomaji mmoja hawezi kuwa na ulimi wa nchi nzima. Akikosea kidogo hatutalia, tutacheka na mwenye jina atacheka.

Tena kuna sababu nyingine ambayo sio ya hisia, ni ya kazi. Kutunuku hadharani maana yake watu washuhudie. Seneti imepitisha orodha, sawa, lakini Seneti imekaa chumbani, mahafali ndo siku ambayo orodha inatoka nje na yeyote anaweza kusema huyu namjua amesoma au huyu mbona hakuwahi kuingia darasani. Angalia Kenya mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilitunuku PhD 118 kwenye mahafali moja mwezi wa sita, watu wakahesabu, wakauliza maswali, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya kule ikaagiza zikaguliwe. Watu waliweza kuuliza kwa sababu PhD zinahesabika na kila moja ina jina na mada yake. Sisi wa masta tunasimama kama abiria wa koasta, hata angesimama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzie akavaa joho nani angejua? Sijasema imetokea. Nasema mngejuaje.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba jina langu chuo kililijali sana siku zote isipokuwa siku ile. Wakati wa usajili kulikuwa na herufi moja, cheti changu cha form four kina "h" na fomu ya chuo haina, yule mama wa usajili akanirudisha dirishani weee mpaka nikaenda kwa wakili kuapa kwamba mimi ndo mimi. Jina lazima lifanane na la form four, neno kwa neno, mpangilio huo huo. Likaandikwa kwenye kitambulisho, kwenye namba ya malipo ya ada, kwenye fomu ya maadili ya utafiti, kwenye ganda la dizateshe kwa herufi za dhahabu na ole wako fundi wa kujalidi akosee, unarudia nakala zote kwa hela yako. Kwenye klearansi likazunguka maktaba, maabara, fedha, mabweni ambako sijawahi hata kulala, kila dirisha wanakagua jina. Alafu siku ya kutunukiwa ndo hamlihitaji tena, nikawa "wahitimu wa uzamili, wasimame".

Kuna mwenzangu aliniambia acha hizo, hata Siku ya Wahandisi wale wa Bodi ya Usajili wanaapa wote kwa pamoja, mkono wa kulia juu, mbona hulalamiki. Ile ni kiapo, na kiapo kinasema kitu kimoja kwa wote, hata kikiapwa na watu elfu moja kinabaki kile kile. Na kabla ya kufika pale mhandisi anakuwa ameshapita mazoezi ya miaka 3 chini ya mhandisi mwingine na kila mmoja faili lake limepitiwa peke yake. Shahada nayo nimeisomea peke yangu, lile transifoma nililopima mafuta yake usiku na tochi ya simu kwa sababu umeme umekatika (ndio, mtu wa umeme bila umeme, cheka tu) nililipima peke yangu.

Vyuo vyetu vya ufundi vilianza vidogo, Profesa unalijua hilo kuliko mimi. DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ilianza 1957 kama taasisi ya ufundi, ikawa Dar Tech, 1997 ndo ikawa DIT. Mbeya ilianza na chuo cha ufundi 1986, leo ni chuo kikuu. Watu wanaongezeka na inatakiwa waongezeke, mimi sitaki turudi kwenye darasa la watu 30. Ila uzamili bado ni watu wachache, bado tunahesabika, hiki ndo kipindi cha kuweka utaratibu kabla hatujafika elfu moja mkaniambia tena muda hautoshi na safari hiyo mkawa mnasema kweli.

Ninachoomba kifanyike ni hiki. Kamati ya mahafali ikikaa, na najua inakaa mapema kwa sababu zabuni za mahema zinatoka mapema, ajenda ya majina iwepo kwenye kikao cha kwanza na sio "mengineyo". Hema la wazazi lisogezwe mbele au liwekewe skrini ya maana. Na msomaji mkikosa semeni, nitakuja mimi kwa nauli yangu, sauti ninayo, na nitakuja siku moja kabla nikae na wahitimu nijifunze majina yao.

Cheti bado sijachukua, dirishani wanasema kuna sahihi moja haijapatikana. Nikiitwa kuchukua nitapitia ofisini kwako, kama upo kwenye kikao nitaacha nakala ya barua hii kwa sekretari.

Wako mtiifu,
Mhitimu wa uzamili, uhandisi wa umeme