Kwa Asajile, kuhusu lile la Warusi

Kikuyu, Dodoma
Juni

Ndugu yangu Asajile,

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, ila upepo wa mwezi huu unatukomesha: unaanika nguo nyeupe asubuhi, jioni unaanua nyekundu.

Barua yako nimeisoma, na ile sehemu ya Warusi nimeirudia. Unasema walianza na Tsar, mfalme wao, wakaja kwa Stalin, leo wako na Putin, kwa hiyo hao ni watu wa kiboko, wameumbwa hivyo. Hapo sikubali hata kidogo, na sababu yangu ya kwanza iko mkoani kwetu hapahapa.

Kongwa unaijua kwa ule mradi wa karanga uliomshinda Mwingereza. Kwenye masalia ya mradi huo, miaka ya 1960, serikali yetu iliwapa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, na wenzao wa Afrika Kusini, Namibia na Angola mahali pa kupiga kambi. Mzee mmoja aliyekuwa akiwauzia maziwa vijana hao aliniambia jambo ambalo kwenye sherehe huwa halisemwi: “Tuliwaonea huruma. Tulijua hawa hawashindi.” Na nani angembishia? Salazar alikuwa ameshika uwaziri mkuu wa Ureno tangu 1932, ana polisi wa siri, PIDE, ana ndege za kivita. Wapo waliosema Wareno wenyewe ni wakulima maskini, washika dini, siasa haiwahusu. Maneno yako yaleyale, Asajile, umebadilisha jina la nchi tu.

Maofisa vijana wa jeshi la Ureno ndio waliochoka. Miaka 13 wanapelekwa kufia Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na mwisho hauonekani. Tarehe 25 Aprili 1974 wakaingiza magari ya deraya Lisbon. Kufika jioni serikali imesalimu amri, na watu wanachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, wale ambao siasa “haiwahusu” waliitwa kupiga kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha wakajitokeza. Maziwa ya yule mzee yana mchango wake humo, ingawa hakuna aliyempa cheti. Na PIDE ikavunjwa. Hilo la PIDE usiliruke.

Maana Warusi nao walibadilika! Agosti 1991 wakubwa wa chama cha Kikomunisti na wa KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, walitaka kurudisha mambo ya zamani. Vifaru vikajaa Moscow, raia wakatoka kuvizuia, na siku ya tatu jaribio likafa. Desemba Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Kama kutawaliwa kimabavu kungekuwa kwenye damu yao, wale raia walitoka wapi? Walichokosa ni kazi ya kesho yake. KGB iligawanywa ikapewa majina mapya, watu wengi wakabaki kwenye viti vyao. Mali za umma zikaangukia mikononi mwa matajiri wachache huku wafanyakazi wakikaa miezi bila mshahara, na 1993 Rais Yeltsin, ambaye ndiye alikuwa shujaa wa Agosti ile, akalipiga bunge kwa vifaru. Putin, mtu wa KGB, alipoingia mwishoni mwa 1999 hakuhitaji kuvunja mlango. Funguo alizikuta kwenye kitasa.

Usiseme nayaona ya mbali tu. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka 1991 kuuliza kama tubaki na chama kimoja, kama asilimia 80 walisema tubaki. Marehemu baba alikuwa mmoja wao, na hakuwa mwoga. Tangu 1965 hakuwa ameona kingine. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992, na 1995 baba huyohuyo alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, kura yake akatuficha mpaka anaingia kaburini. Lakini tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, na nyingi ziliachwa zilivyo. Watu wanapenda kunikumbusha ile 80. Mimi nawakumbusha hiyo 40.

Kwa hiyo Putin si wa milele, ila mwaka sikutajii, wala siapi kwamba atakayemfuata atakuwa nafuu. Sudan walimwondoa rais wao, Bashir, Aprili 2019. Oktoba 2021 wanajeshi wakapindua, na Aprili 2023 risasi zikaanza kulia Khartoum. Siku hiyo ikifika Moscow, sitahangaika sana na nani kaingia Kremlin. Nitatazama polisi wa siri wamefanywa nini, na gesi ni ya nani.

Nawe uliye Kyela nakuachia kazi moja. Ukishuka mpakani Kasumulu, watafute Wamalawi wa umri wetu, uwaulize ni nani kati yao aliyeamini mwaka 1991 kwamba Banda, Rais wa Maisha tangu 1971, angeangushwa na sanduku la kura 1994. Uniandikie watakachokujibu, hata kama kinakusaidia wewe.

Msalimie shemeji sana.

Rafiki yako,
Yohana